Gereji ya Baba na Mbio za Safari

Anayeshinda mbio za magari ni nani? Liulize swali hili kwa wauza spea wa Mwanjelwa, au kwenye kijiwe chochote cha mafundi pale Iringa mjini, utajibiwa bila kusita kwamba ni dereva. Jina lake ndilo linalosomwa redioni. Ndiye anayepanda juu ya boneti na kuvishwa shada la maua, na picha yake ndiyo inayobandikwa ukutani kwenye vinyozi. Leo, ndugu msomaji, nataka tulibishie jibu hilo. Kwa miaka mingi, hapa kwetu Afrika Mashariki na hata kule Marekani, iliyoshinda mbio hizo ilikuwa ni gereji, na mara nyingi gereji ya familia: baba, watoto wake, wadogo zake na binamu, wote wakiwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa sana juu ya gari na barabara mbovu. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake kule Rhodesia ya Kusini. Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia huko, ikabanwa koo. Njia iliyobaki ilikuwa hii yetu. Mapipa ya petroli na dizeli yakapakiwa kwenye malori Dar es Salaam, yakapita Morogoro, yakapanda Kitonga, yakaingia Iringa, Makambako na Mbeya, mpaka Tunduma na kuvuka. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya udongo. Kiangazi vumbi lilimficha dereva asione lori lililo mbele yake, na masika matope yalizamisha magurudumu mpaka kwenye ekseli. Waingereza waliibatiza barabara hiyo jina lenye maana ya njia ya jahanamu, na hawakutia chumvi. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji, ambayo malori yake ya Fiat yenye matela yalikuja kuwa sehemu ya mandhari ya huku kwetu. Baadaye ilikuja lami, na baada ya lami ikaja reli ya TAZARA.

Ninayataja haya kwa sababu barabara hiyo ilikuwa chuo. Watu walijifunza ufundi uvunguni mwa lori, mvua ikinyesha, kwa taa ya chemli. Kijana alianza kwa kushika spana, akapanda kuwa utingo, na siku moja akaachiwa usukani. Mlima wa Kitonga haukumwuliza mtu cheti. Ulitaka kujua kama breki zake zinashika na kama anajua gia ya kushukia. Kati ya vijana waliopita katika chuo hicho wapo waliofungua gereji zao wenyewe, na leo wajukuu wao wanafungua injini kwenye viwanja vile vile.

Basi miezi michache tu kabla ya mapipa yale kuanza kupita, wakati wa Pasaka ya mwaka huo huo wa 1965, ndugu wawili wa tumbo moja waliingia Nairobi ndani ya Volvo moja iliyojaa matope. Walikuwa wameshinda mbio za Safari. Mkubwa aliitwa Joginder Singh, na mdogo wake Jaswant ndiye aliyekuwa msoma ramani.

Tuzieleze kwanza hizo mbio zenyewe, maana wasomaji wengi wa leo wanazijua kwa jina tu. Zilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Magari yalikimbia usiku na mchana katika barabara za kawaida, maelfu ya kilomita, huku ng'ombe, mabasi na watu wa sokoni wakiendelea na shughuli zao kama siku zote. Zaidi ya hayo, zilifanyika Pasaka, yaani masika yenyewe. Usambara na Mbulu zilikuwa sehemu za kutisha kwa madereva kutokana na utelezi wake. Katika miaka ya mwanzo magari yalikuwa ya dukani kabisa, aina ile ile ambayo mwalimu mkuu au mwenye shamba angeweza kuinunua, na yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Wakati mwingine barabara ndiyo ilishinda. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, na yaliyomaliza yakawa saba tena.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa Mpunjabi aliyehamia Kenya na kuishi kwa ufundi wa magari. Watu wetu waliwaita jamaa hao Makalasinga, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki jina hilo lilikuwa karibu sawa na kusema fundi. Wengi walianzia kwenye reli, wengine kwenye useremala, mashine za kusaga na magari. Wazee wa Iringa na Mbeya wanawakumbuka vizuri, kilemba kichwani na nyundo mkononi, wakali kwa wanafunzi wao lakini hawakubali kazi mbovu itoke mlangoni. Joginder alikulia ndani ya gereji ya baba yake. Mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani na kuwasaidia watu walioharibikiwa. Hebu fikiri, msomaji: mshahara wa mtu huyu ulikuwa wa kuyafufua magari yaliyokufa njiani! Mwaka uliofuata, 1959, akaingia Safari kwa mara ya kwanza. Sijui kama kuna mbunge wa michezo, au hata mkuu wa chuo, angeweza kumbunia maandalizi bora kuliko hayo.

Na hiyo Volvo ya mwaka 1965 haikuwa mpya. Ilikuwa ya aina ya PV544, gari la umbo la mviringo kama kobe, ambalo tayari lilikuwa limetumika mashindanoni na timu ya kiwanda cha Volvo. Wenye kiwanda walikuwa wamekuja na magari yao na madereva wao kutoka Ulaya, na barabara zetu zikawaonyesha cha mtema kuni. Ndugu wawili wakalichukua gari lililokwishachoka, wakalitengeneza, wakalipeleka kwenye barabara zile zile, nalo likashinda kwa kuwaacha wenzao mbali. Mtu asiyejua magari ataona ni bahati. Fundi atauliza swali moja tu: nani alilifungua na kulifunga?

Ukweli ni kwamba tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva hata mmoja aliyetoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Walikuja mabingwa wa Ulaya wenye majina makubwa, magari yao yakiwa yamekaguliwa na wahandisi, wakarudi mikono mitupu. Wa kwanza kuivunja ngome hiyo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, akiendesha Ford Escort. Kabla ya hapo washindi wote walikuwa wakazi wa nchi zetu tatu. Tanzania nayo ilikuwa na wake: Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi na kufanya kazi hapa nchini, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, pamoja na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Peugeot zile zilipendwa sana na waendesha teksi wa wakati huo, na si ajabu.

Kwa nini wageni walishindwa? Si kwamba hawakujua kukimbia. Walikimbia kutuzidi. Lakini kwenye Safari kasi haikuwa jambo la kwanza. Jambo la kwanza lilikuwa kujua ni kitu gani kitavunjika, na lini. Jiwe moja linatoboa sampo, mafuta yanamwagika, injini inaungua kabla taa ya hatari haijawaka. Vumbi laini kama unga wa muhogo linaingia kwenye kabureta. Kwenye mto maji yanaruka juu ya nyaya na gari linazimika katikati ya mkondo. Springi inayofaa lami ya Ulaya inakatika kama kijiti. Mambo haya mtu wa gereji anayajua kwa sababu kila Jumatatu asubuhi yanaletwa mlangoni kwake yakivutwa kwa kamba. Anajua hata sauti yake. Na ndani ya gereji ya familia maarifa hayo hayaandikwi popote. Baba akikohoa tu, mtoto ameshafahamu kwamba nati imekazwa kupita kiasi.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu Marekani kuna kisa kinachofanana na hiki kama shilingi kwa ya pili, na huko walau kila kitu kimeandikwa.

Huko kuna mbio zinazoendeshwa na chama kinachoitwa NASCAR, kilichoundwa mwaka 1948. Nazo zilianza kwa magari ya dukani, gari lile lile la kwenda nalo kanisani. Mashindano ya kwanza ya daraja hilo yalifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Miongoni mwa walioingia alikuwepo Lee Petty, mtu mzima wa miaka 35 kutoka kijiji cha Level Cross. Aliingia na Buick kubwa ya kuazima. Ikabingirika. Inasemekana tatizo kubwa la siku ile halikuwa maumivu, bali namna ya kwenda kumweleza mwenye gari. Alichojifunza Lee ni kwamba gari jepesi lisilovunjika ni bora kuliko gari zito lenye nguvu, na kuanzia hapo akaijenga timu nyumbani kwake, katika banda la shambani lenye sakafu ya udongo. Akawa bingwa wa mwaka 1954, 1958 na 1959. Mwanawe Richard akawa dereva. Mwanawe wa pili, Maurice, akawa mtengeneza injini. Binamu yao Dale Inman akawa mkuu wa mafundi. Hata rangi yao ya buluu iliyokuja kujulikana nchi nzima, yasimuliwa ilitokana na uhaba: rangi ya buluu haikutosha gari zima, nyeupe nayo haikutosha, wakazichanganya.

Usidhani familia hiyo ilikuwa ya kudekezana. Mwezi Juni 1959, huko Lakewood, Georgia, kijana Richard alipeperushiwa bendera ya ushindi kwa mara ya kwanza maishani. Mara mtu akaweka pingamizi kwamba hesabu ya mizunguko imekosewa. Waamuzi wakahesabu upya, wakaona ni kweli, ushindi akapewa mlalamikaji. Mlalamikaji huyo alikuwa Lee Petty, baba yake mzazi! Kwetu huku baba wa namna hiyo angeitiwa kikao cha ukoo. Lakini kuna mafundi wengi wa zamani ambao wangemwelewa.

Richard aliendelea mpaka akafikisha ushindi 200 na ubingwa mara saba. Mwaka 1967 peke yake alishinda mara 27, kumi kati ya hizo mfululizo. Ushindi wa 200 aliupata tarehe 4 Julai 1984, Rais Ronald Reagan akiwepo uwanjani. Picha zote zilikuwa za Richard na kofia yake ya cowboy na miwani yake myeusi. Maurice aliyezitengeneza injini humwoni mbele ya picha, na ndilo jambo ninalolisema tangu mwanzo.

Hata hivyo tusidanganyane. Haitakuwa haki kusimulia hadithi hii kana kwamba familia ilipambana na matajiri kwa mikono mitupu hadi mwisho. Familia ya Petty ilipata msaada wa kiwanda cha Chrysler, na mwaka 1972 ikapata mdhamini mkubwa, kampuni ya STP, ambayo ilitaka gari lipakwe rangi yake nyekundu. Wakabishana, wakamalizana kwa gari la rangi mbili, buluu na nyekundu. Joginder naye, aliposhinda tena mwaka 1974 na 1976, msoma ramani akiwa David Doig, alikuwa ndani ya Mitsubishi Lancer, na Wajapani walikuwa na shabaha yao ya kuuza magari. Mwaka 1974 alimwacha nyuma Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche, gari ambalo kwa nguvu halikuwa saizi ya Lancer hata kidogo. Mwaka 1976 Mitsubishi zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kiwanda kilitoa chuma, lakini kichwa kilichojua namna ya kukifikisha chuma hicho mwisho wa safari kililelewa gerejini. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder aliingia Safari 22, akamaliza 19. Kwa maoni yangu hiyo 19 ni namba kubwa kuliko ushindi wake wote mtatu.

Zipo familia nyingine. Vic Preston alishinda Safari 1954 na 1955, na mwanawe mwenye jina lile lile akashika nafasi ya pili mwaka 1978. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, hakutoka gerejini bali katika familia ya wenye mashamba. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, akahamia Kenya, na Pasaka ya mwaka uliofuata akashinda Safari, akiwa amelingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ikabidi sheria itumike kuwatenganisha. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mkewe Yvonne alikaa kiti cha msoma ramani katika mashindano kadhaa ya nje. Ukitaka kupima ndoa, jaribu njia hiyo.

Kilichoiondoa gereji ya familia ni fedha. Katika miaka ya 1980 na 1990 timu za viwanda zilikuja Safari na helikopta za kumtangulia dereva, magari ya mafundi kila kituo, na matairi ya kumwaga. Jambo ambalo ndugu wawili walilifanya kwa uzoefu, sasa lilifanywa kwa hundi. Bado mwenyeji aliweza kushinda, kama Ian Duncan wa Kenya alivyofanya mwaka 1994, lakini alikuwa ndani ya Toyota na jeshi zima nyuma yake. Na Tanzania kwa wakati huo ilikuwa imekwishatoka kwenye ramani: tangu katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki kuwa ya Kenya peke yake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa kabisa. Watoto wa Arusha na Tanga waliozoea kukaa juu ya kingo za barabara kusubiri magari, wakaishia kuyasikia kwenye redio.

Marekani mambo yalikuwa yale yale. Timu ya akina Petty ilipata ushindi 268 kwa jumla, lakini wa mwisho ulikuwa mwaka 1999. Mwaka 2000 ukawa mchungu kuliko yote. Mzee Lee alifariki tarehe 5 Aprili. Siku tatu kabla, mjukuu wa Richard aitwaye Adam, kijana wa miaka 19, alikuwa amekimbia kwa mara ya kwanza katika daraja la juu, kizazi cha nne cha familia moja. Tarehe 12 Mei, akiwa mazoezini huko New Hampshire, gari lake liligonga ukuta, akafa. Baba yake, Kyle, naye dereva, alilivaa jukumu la kuendesha gari la mtoto wake. Mwaka 2004 familia ikafungua kambi ya watoto wagonjwa karibu na kijiji chao kwa kumbukumbu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2009 timu ikaunganishwa na nyingine, na ile kampuni ya nyumbani iliyoanza mwaka 1949 ikakoma.

Ndipo ninapojiuliza juu ya urithi huu wa gereji. Baba anapompa mtoto spana anampa riziki, na humo humo anampa hatari. Fundi wa Igawa au Mafinga anayemwachia kijana wake lori la kushusha Kitonga usiku anaijua hofu hiyo, hata kama hajawahi kusikia jina la Petty. Tofauti ni kwamba akina Petty wana jumba la makumbusho kule kwao, lenye magari na vikombe. Joginder Singh, aliyefariki London mwezi Oktoba 2013, ameandikwa vitabuni. Iringa leo inaandaa raundi ya mashindano ya taifa ya mbio za magari, na vijana wanajazana kingo za barabara za vumbi kuyatazama. Lakini wale waliozifungua gia boksi za Fiat pembeni mwa njia ya jahanamu, waliochonga bushi kwa tupa kwa kuwa spea ilikuwa bado ipo melini, majina yao yapo vichwani mwa wajukuu tu. Gereji zao tunaziita gereji bubu, na kweli, hazijasema neno.

Basi kama baba yako au babu yako alikuwa fundi au utingo kwenye malori ya Zambia kati ya mwaka 1965 na kukamilika kwa lami, mwulize wiki hii, angali yupo. Mwulize alifanya kazi kwa nani, walilala wapi, chombo gani kilivunjika mara nyingi zaidi, na nani alimfundisha. Andika unachoambiwa, ukilete kituoni au ukitume kwa njia ya gazeti hili. Nitavisoma hewani vile nitakavyovipata, pamoja na majina yao.

Panapo majaliwa, juma lijalo tutapanda garimoshi la TAZARA pale Mbeya na kuteremka Makambako.